Kabla ya kununua pikapu iliyotumika, ichunguze chasisi

MNUNUZI wa pikapu iliyotumika, aghalabu, huanza kwa kulizunguka gari. Hutazama rangi, hufungua milango, huwasha injini na kuisikiliza ikinguruma, hupiga teke tairi moja au mbili, kisha huulizia bei ya mwisho. Ni wachache wanaoinama. Ilhali sehemu inayoamua iwapo pikapu hiyo itabeba mizigo kwa miaka mingi ijayo, au itamfilisi mwenyewe kabla hajamaliza kulipa mkopo wa Sacco, iko chini, mahali ambapo jicho halifiki kwa urahisi.

Sehemu hiyo ni chasisi. Injini ikichoka hubadilishwa, giaboksi ikikwama hufunguliwa, na bodi iliyobonyea hunyooshwa na kupakwa rangi. Chasisi iliyopinda, iliyopasuka au kuliwa na kutu ni jambo jingine. Kuitengeneza ipasavyo ni kazi ya gharama kubwa, na kuificha ni rahisi mno. Ndiyo maana wahenga walionya kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Uti wa mgongo wa gari

Magari madogo mengi ya siku hizi hayana chasisi ya peke yake. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Pikapu za kazi kama vile Toyota Hilux, Isuzu D-Max, Ford Ranger na Mitsubishi L200 zimeundwa kwa njia ya zamani iliyo imara zaidi kwa mizigo. Chasisi yake ina umbo la ngazi: reli mbili ndefu za chuma zinazotoka mbele hadi nyuma, zikiunganishwa na vyuma vya mkingamo mithili ya vidato. Kebini na sanduku la mizigo hukaa juu ya ngazi hiyo na kufungwa kwa bolti. Injini, springi na usukani pia hushikiliwa nayo.

Muundo huu una faida na hatari zake. Faida ni kwamba fundi anaweza kuondoa kebini nzima iliyoharibika na kuweka nyingine bila kuigusa chasisi. Hatari ni kwamba mtu asiye mwaminifu anaweza kufunga boneti mpya, milango mipya na taa mpya juu ya chasisi iliyopotoka, akaipaka rangi ikametameta, na gari likaonekana kana kwamba limetoka kiwandani jana.

Athari zake hazikomei kwenye mfuko wa mnunuzi. Magurudumu hupangwa kwa kufuata chasisi. Chasisi ikipotoka, tairi huisha upande mmoja, na gari huvuta kushoto au kulia dereva anapokanyaga breki. Ufa mdogo kwenye reli huendelea kukua kila gari linapopita kwenye shimo, hadi siku moja linapokatika likiwa limebeba mzigo au, vibaya zaidi, watu. Isitoshe, ncha za mbele za reli zimeundwa kujikunja kwa mpangilio maalumu ili zimeze kishindo cha mgongano. Zikishakunjika mara moja na kunyooshwa ovyo, hazitaweza kuwalinda waliomo ndani mara ya pili.

Maadui watatu

Chasisi ya pikapu huharibiwa na mambo matatu makuu: ajali, mzigo na kutu.

Gari likigongwa pembeni, reli hupinda kuelekea upande mmoja. Likigonga kitu kwa mbele, huweza kujikunja na kufupika, au sehemu ya katikati ikashuka. Kishindo kikiangukia pembe moja tu, reli ya upande huo husukumwa nyuma kuliko mwenzake, na chasisi iliyokuwa na umbo la mstatili ikaenda mshazari. Pikapu iliyobingirika au kutumbukia mtaroni kwa gurudumu moja huweza kusokoteka, pembe moja ikawa juu na nyingine chini.

Mzigo nao huua polepole. Pikapu nyingi za kiwango hiki zimeundwa kubeba takriban tani moja, na uzito wa abiria umo katika hesabu hiyo. Hata hivyo, si ajabu kuona pikapu imepakiwa mawe ya ujenzi, mchanga mbichi au magunia ya viazi hadi ncha ya mbele inainuka. Mzigo unaoning'inia nyuma ya ekseli ndio mbaya zaidi, kwa kuwa huvuta mkia wa chasisi chini na kuipinda mahali inapoachana na kebini. Pikapu iliyotumika kwa miaka kusafirisha miraa kwa kasi kutoka Maua hadi Nairobi, ikiruka matuta usiku kucha, huenda haijawahi kupata ajali hata moja, na bado uti wake wa mgongo ukawa umechoka.

Wenye magari wengi huongeza majani ya springi wakidhani wameimarisha gari. Springi za ziada hazifanyi chasisi kuwa na nguvu zaidi. Huondoa tu ile dalili ya kubonyea iliyokuwa ikimwonya dereva kwamba amezidisha. Kwa hivyo mnunuzi akikuta pikapu yenye springi nyingi kuliko za kiwandani, hana budi kuichunguza chasisi kwa makini maradufu.

Adui wa tatu ni kutu. Hewa ya chumvi ya mwambao wa Pwani hula chuma bila kelele. Vivyo hivyo, magari yaliyotumika katika maeneo ya theluji ya Japani na Uingereza, ambako chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha barafu, huweza kuwasili Mombasa yakiwa na injini safi na chasisi iliyoanza kuoza. Reli nyingi zina uwazi ndani, na tope likiingia na kuziba vitundu vya kutolea maji, kutu huanzia ndani kuja nje. Inapoonekana kwa nje, chuma huwa kimeshakuwa chembamba.

Tatizo hili limewakumba hata watengenezaji wakubwa. Mwaka wa 2016, kampuni ya Toyota ilikubali nchini Marekani kusuluhisha kesi kuhusu kutu kwenye chasisi za baadhi ya magari ya Tacoma, Tundra na Sequoia. Suluhu hiyo ilihusu takriban magari milioni 1.5, na gharama yake ilikadiriwa kufikia dola bilioni 3.4. Kampuni hiyo haikukiri kosa, lakini ilikubali kukagua magari hayo na kubadilisha chasisi zilizotoboka.

Dalili za kutazamwa

Ukaguzi wa maana huhitaji mchana mweupe, sakafu tambarare, tochi na nguo ambazo mtu hajali zikichafuka. Muuzaji anayekataa gari lake litazamwe kwa chini ameshatoa jibu.

Kwanza, mnunuzi asimame kando ya gari na kutazama nafasi iliyopo kati ya kebini na sanduku la mizigo. Nafasi hiyo yapasa kuwa sawa juu na chini, na upande wa kulia ulingane na wa kushoto. Ikiwa ni pana juu na nyembamba chini, huenda mkia wa chasisi umeshuka. Ikiwa upande mmoja ni mpana kuliko mwingine, huenda chasisi imepinda au sanduku limefungwa upya.

Pili, aingie chini na kufuata kila reli kwa tochi kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima huwa kimenyooka na laini. Mikunjo midogo kama ya nguo isiyopigwa pasi, hasa karibu na gurudumu la mbele na nyuma ya kebini, ni alama ya kishindo. Asichanganye mikunjo hiyo na ile ya kiwandani iliyowekwa kwa makusudi kwenye ncha za mbele. Ya kiwandani hufanana kulia na kushoto. Ya ajali haifanani.

Tatu, atazame maungio. Ulehemu wa kiwandani una mstari mwembamba wenye mpangilio mmoja. Ulehemu wa gereji mara nyingi huvimba, huacha matone na kuzungukwa na chuma kilichosuguliwa kwa gurudumu la kusagia. Mstari wa ulehemu unaoikata reli kutoka juu kwenda chini ni wa kutiliwa shaka kuliko yote, kwani huenda ukawa na maana kuwa nusu mbili za magari tofauti zimeunganishwa.

Nne, ashuku usafi wa ghafla. Lami nyeusi mbichi iliyopakwa chini ya gari kuukuu haikupakwa bure. Huenda muuzaji anakinga kutu kwa nia njema, lakini huenda pia anafunika nyufa. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa hushika chuma kwa nguvu na kuteleza panapo lipu ya bodi. Kwenye reli ya chasisi, lipu haina kazi yoyote ya halali. Panaposhukiwa kutu, reli igongwe kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilichooza hutoa mlio mzito uliokufa, na ncha ya bisibisi huzama ndani yake. Pa kuanzia ni juu ya ekseli ya nyuma na mahali springi zinaposhikiliwa.

Tano, atafute namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Katika pikapu nyingi huwa kwenye reli ya kulia, karibu na gurudumu la mbele. Herufi ziwe na kina kimoja na mstari ulionyooka, na chuma kinachozizunguka kisiwe kimesuguliwa wala kulehemiwa.

Vipimo visivyohitaji mtambo

Macho hudanganywa, lakini futi ya kupimia haihongwi. Chasisi iliyo sawa ina sifa moja inayoweza kuthibitishwa na yeyote: upande wa kulia unafanana na wa kushoto.

Kipimo cha kwanza ni umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, magurudumu yakiwa yamenyooka. Katika Hilux ya milango minne iliyoundwa kati ya 2005 na 2024, umbali huo kiwandani ni milimita 3,085. Muhimu zaidi ni kwamba pande zote mbili zilingane. Ikiwa upande mmoja umepungua kwa sentimita nzima, kuna kitu kilichosukumwa, kiwe ni ekseli, mikono inayoshikilia magurudumu ya mbele au chasisi yenyewe.

Kipimo cha pili ni cha mshazari. Gari likiwa kwenye sakafu tambarare, timazi hushushwa kutoka matundu mawili yanayofanana mbele, kulia na kushoto, na mengine mawili nyuma. Kila timazi linapogusa sakafu huwekwa alama ya chaki. Gari likishaondolewa, hupimwa umbali wa kutoka alama ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto, kisha ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia. Mistari hiyo miwili ikitofautiana kwa zaidi ya milimita chache, chasisi imekwenda mshazari.

Kipimo cha tatu ni cha barabarani. Pikapu ipitishwe kwenye maji kidogo, kisha iendeshwe moja kwa moja kwenye saruji kavu, na nyayo za tairi zitazamwe. Magurudumu ya nyuma yafuate ya mbele kwa usawa pande zote mbili. Gari linalotembea kiubavu kama kaa, huku usukani ukilazimika kushikwa umepinda ili liende sawa, lina hitilafu isiyostahili kupuuzwa.

Hatimaye, kabla fedha hazijatolewa, gari lipelekwe kwenye gereji yenye mtambo wa kupima mpangilio wa magurudumu, na fundi achaguliwe na mnunuzi, si na dalali. Akisema kwamba vipimo vya upande mmoja havirudi sawa hata baada ya kurekebisha hadi mwisho, chanzo hakiko kwenye tairi. Ada ya ukaguzi huo ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya kosa.

Stakabadhi hazisemi yote

Rekodi za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA) humwezesha mnunuzi kujua mmiliki halali na kulinganisha namba za chasisi na injini. Ni hatua isiyoepukika, lakini haitamweleza gari liligongwa wapi. Magari ya kibiashara hutakiwa kukaguliwa kila mwaka. Hata hivyo, cheti cha ukaguzi huthibitisha hali ya gari siku lilipokaguliwa, si yaliyotokea kabla wala baada ya hapo.

Kwa magari yaliyoagizwa kutoka Japani, kuna karatasi yenye thamani kubwa ambayo wanunuzi wengi hawaiulizii: karatasi ya mnada. Wakaguzi wa minada ya huko huandika alama za hali ya gari. Namba kama 4 au 4.5 huashiria gari lililo katika hali nzuri, ilhali herufi R au RA huashiria gari lililowahi kupata ajali na kutengenezwa. Muuzaji anayedai gari ni safi lakini hana karatasi hiyo yafaa aulizwe sababu.

Iwapo limeshanunuliwa

Wapo wanaogundua tatizo baada ya miezi, tairi zinapoisha kabla ya wakati. Hatua ya kwanza ni kuacha kupakia mizigo na watu. Ya pili ni kupata ripoti ya maandishi yenye vipimo na picha kutoka kwa mkaguzi asiye na uhusiano na muuzaji. Hapo ndipo uamuzi wa kutengeneza au kurudisha unapoweza kufanywa kwa busara.

Ncha ya mbele iliyopinda kidogo huweza kunyooshwa kwenye meza maalumu ambako chasisi hufungwa kwa minyororo na kuvutwa kwa haidroli, huku vipimo vikichukuliwa hatua kwa hatua. Kazi hiyo haifanywi kwa kufunga gari kwenye mti na kulivuta kwa lori. Wala haifai kukichoma chuma kwa gesi hadi kiwe chekundu. Chuma cha chasisi za kisasa hupoteza nguvu kikipashwa moto kupita kiasi, na kitapinda tena papo hapo.

Ufa huweza kulehemiwa, lakini kwa masharti. Betri na kompyuta za gari zitenganishwe, mabomba ya mafuta na breki yaondolewe, na mwisho wa ufa utobolewe ili usiendelee. Bamba la kuimarisha likiwekwa, ncha zake zikatwe kwa mshazari. Bamba linaloishia ghafla kwa mstari wa wima huhamisha tu udhaifu hadi pale linapokoma, na reli hukatika hapo.

Chasisi iliyotobolewa na kutu sehemu nyingi, iliyosokoteka au iliyopasuka mahali springi na magurudumu yanaposhikiliwa, haifai kuzibwa viraka. Hubadilishwa yote, na mabadiliko hayo yaarifiwe NTSA ili rekodi zilingane, la sivyo mwenye gari atajikuta akijieleza mbele ya polisi. Ikiwa gharama inakaribia thamani ya gari, ni afadhali kuliuza kwa vipuri kuliko kulirudisha barabarani.

Sheria inasemaje

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 humpa mtumiaji haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa (Sura ya 31) humtaka mfanyabiashara wa bidhaa fulani auze kitu kinachofaa, lakini ina tahadhari: mnunuzi aliyekagua bidhaa hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuifichua. Kwa maneno mengine, sheria humlinda aliyefichwa kuliko aliyepuuza.

Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 nayo huharamisha maelezo ya uongo kuhusu hali ya bidhaa na kumruhusu mtumiaji aliyedanganywa kuvunja mkataba. Hapaswi kuchelewa, kwani notisi yapasa kutolewa ndani ya mwaka mmoja tangu makubaliano. Madai yasiyozidi Sh1 milioni huweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria huitaka iamue kesi ndani ya siku 60. Kinachoamua kesi kama hizi ni ushahidi. Kwa hivyo yafaa mkataba uandikwe wazi kwamba muuzaji anathibitisha chasisi haijawahi kupinda, kukatwa wala kulehemiwa. Anayesema ukweli hataogopa kutia sahihi chini ya maneno hayo.

Lipo pia suala ambalo halihitaji wakili. Aliyeuziwa pikapu yenye chasisi mbovu hushawishika kuipaka rangi na kumsukumia mwingine, ili hasara isimwangukie yeye. Mwingine huyo huenda ni mkulima atakayepakia kabichi zake alfajiri, na juu ya kabichi wakae vibarua watano. Ufa uliofunikwa kwa lami hautajua gari limebadilisha mmiliki. Anayelazimika kuliuza aseme kasoro iliyopo, aiandike kwenye mkataba na akubali bei ipungue. Fedha atakazopoteza zinaweza kutafutwa tena. Maisha ya mtu hayawezi.